Mawese Yaleyale, Namba Mbili

Katikati ya mwezi Machi, mvua za Kigoma zikiwa bado hazijachoka, mama mmoja mkamuaji wa mawese kutoka upande wa Simbo aliingia katika maabara yetu ndogo akiwa na dumu la lita tano mkono mmoja na karatasi mbili mkono wa pili. Karatasi zote mbili nilikuwa nimezitia saini mimi mwenyewe. Ya Jumatatu ilisema kuwa asidi huru katika mafuta yake ni asilimia 4.3, ya Jumatano ilisema ni asilimia 5.8. Mnunuzi aliyemwahidi bei nzuri alikuwa amemwekea sharti moja tu, kwamba asidi isizidi asilimia 5, na kama ilivyo kawaida ya wanunuzi, aliishika karatasi ya pili na kuisahau ya kwanza.

“Shikamoo, mama,” nilimwambia huku nikijua kilichomleta.

“Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze taratibu. Mafuta yangu yameharibika kati ya Jumatatu na Jumatano, au ni mashine yenu inayosema kila siku neno lake?”

Siku hiyo sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwomba aniachie mafuta kidogo katika chupa, nikamwahidi kwamba baada ya wiki mbili nitamwandikia karatasi ya tatu itakayoeleza zile mbili za kwanza. Ninachoandika hapa ni habari za wiki hizo mbili, na kwa sehemu kubwa ni habari ya namna nilivyolazimika kuacha kusoma spektra, yaani mchoro wa mwanga ulionyonywa na mafuta, kwa mazoea na kuanza kuihesabu kwa kanuni ya Bayes, kanuni ya kuunganisha ulichokijua kabla ya kupima na data ulizopata.

Kwanza mafuta yenyewe. Mawese mazuri ni mafuta ambayo karibu yote yamefungamana, yaani kila asidi tatu za mafuta zimeshikamana na gliseroli moja. Chikichi linapochubuka au kichala kinapokaa siku nyingi kabla ya kuchemshwa, kimeng'enya cha laipesi kilichomo ndani ya tunda huanza kuvunja vifungo hivyo, na asidi hubaki huru. Ndiyo maana wakamuaji wanaovundika vichala kwa siku kadhaa ili chikichi zidondoke kwa urahisi hupata mafuta yenye asidi nyingi kuliko wanaochemsha mapema, kwa sababu joto la kuchemsha hukiua kimeng'enya hicho. Katika biashara ya mawese ghafi kikomo kinachotajwa zaidi ni asilimia 5, ikihesabiwa kama asidi ya palmitiki. Mafuta yakishachemshwa na kuchujwa vizuri asidi huongezeka polepole sana, kwa hiyo wazo kwamba ilipanda kutoka 4.3 hadi 5.8 kwa siku mbili lilikuwa gumu kuaminika tangu mwanzo, na swali la mama yule lilikuwa limekwisha kujibiwa nusu.

Njia ya zamani ya kupima asidi hiyo ni taitresheni: unayeyusha mafuta katika alkoholi ya moto, unaongeza alkali tone baada ya tone, na unasubiri kiashiria kigeuke kuwa cha waridi. Kwa mafuta meupe hakuna taabu. Kwa mawese yetu, mekundu kwa rangi yake ya asili iitwayo karotini, kuutafuta waridi ndani ya wekundu ni kama kumtafuta mtu aliyevaa kanzu nyeupe katika msikiti siku ya Idi. Hiyo ndiyo sababu tuliyoitumia kujitetea tulipoanza kutumia kipimo cha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho.

Kipimo hicho kinategemea jambo rahisi. Kifungo cha kaboni na oksijeni katika mafuta yaliyofungamana hunyonya mwanga wa infraredi kwenye mawimbi karibu 1,745 kwa sentimita, na kifungo cha aina hiyohiyo katika asidi huru hunyonya karibu 1,711. Tofauti ni ndogo. Kilele cha kwanza ni mlima mkubwa na kile cha pili ni bega dogo ubavuni mwake. Kujua kiasi cha asidi ni kujua ukubwa wa bega hilo, na katika asilimia 4 au 5 bega lenyewe ni jembamba kiasi kwamba kitu chochote kinachopita karibu nalo kinaweza kulinenepesha au kulikondesha.

Mashine yetu haipimi wimbi moja baada ya jingine. Ndani yake mna kigawa mwanga na vioo viwili, kimoja kimesimama na kingine kinatembea, kwa mpangilio ambao mwanafizikia Albert Michelson aliubuni mwaka 1881 kwa kazi nyingine kabisa. Mwanga unagawanywa sehemu mbili, kila nusu inakwenda kwenye kioo chake, kisha zinakutana tena. Kioo kinachotembea kinapobadilisha urefu wa njia ya nusu moja, mawimbi yanayokutana huongezana au kufutana, na kipokezi huandika kupanda na kushuka kwa nguvu ya mwanga. Mstari huo wenye mtetemo mkubwa katikati na mikia miwili inayofifia pembeni huitwa intaferogramu. Kila wimbi lililomo katika mwanga limeacha alama yake ndani ya mstari huo, yote yakiwa yamechanganyika, na mgeuzo wa Fourier ndio unaoyatenganisha na kutupatia spektra. Fourier mwenyewe, mwanahisabati Mfaransa, alikuwa akishughulikia namna joto linavyosambaa. Kazi yake ya mwanzo aliiwasilisha mwaka 1807. Hesabu hiyo iliwezekana kufanywa kwa haraka na kompyuta baada ya Cooley na Tukey kutangaza njia yao fupi mwaka 1965.

Mashine za aina hii hutumia leza nyekundu ya nanomita 632.8 kupimia mwendo wa kioo. Sisi tunapima kwa utenganisho (uwezo wa mashine kutofautisha vilele vilivyo karibu) wa 4 kwa sentimita, maana yake tofauti ya njia kati ya zile nusu mbili za mwanga inafika robo ya sentimita. Ukigawa robo hiyo kwa urefu wa wimbi la leza unapata nukta karibu 4,000 upande mmoja wa katikati. Nukta hizo 4,000 ndizo data. Spektra tunayoitazama kwenye skrini na kuichora kwenye ripoti imetokana nazo, baada ya kupita katika maamuzi kadhaa ambayo programu ya mashine huyafanya kimyakimya, na mimi kwa miaka mingi sikuwahi kuyauliza.

Nilianza na daftari. Jumatatu palikuwa na jua, madirisha yalikuwa wazi, na mafuta yalipashwa moto katika chumba cha nyuma. Ni lazima yapashwe, kwa sababu mawese katika joto la kawaida la chumba chetu huwa yameganda nusu: juu yanaelea mekundu na mepesi, chini kuna uji mzito wa manjano, na ukichota juu tu unapima mafuta mengine. Jumatano ilinyesha tangu alfajiri. Chumba cha nyuma kilikuwa kinavuja, kwa hiyo msaidizi wangu, kwa nia njema kabisa, aliihamishia sufuria ya maji moto kwenye meza ya mashine, hatua mbili kutoka kwenye kioo cha kuwekea sampuli, na akafunga madirisha ili mvua isiingie. Katika daftari aliandika: “Sampuli imepashwa mezani.” Maneno matatu. Nilipoyasoma nilijua tumekwisha.

Mvuke wa maji hunyonya infraredi kwa mistari mingi myembamba, na kundi lake moja kubwa limetandazwa kuanzia karibu 1,300 hadi 1,900 kwa sentimita, yaani limelikalia bega letu na mlima wake wote. Kuna mstari wenye nguvu karibu na 1,717. Kwa utenganisho wetu mstari huo hauonekani kama mstari. Unapanuka, unalilalia bega la asidi na kujifanya sehemu yake. Kwa kawaida mvuke hautusumbui kwa sababu kila mara tunapima kwanza hewa tupu, kisha sampuli, na kugawa moja kwa nyingine. Lakini kugawa huko kunafaa ikiwa hewa haikubadilika katikati. Jumatano hewa tupu ilipimwa kabla ya maji kuchemka na sampuli ikapimwa baada yake.

Kufikia hapo mtu anaweza kusema: basi, rudia kipimo siku ya jua, tatizo limekwisha. Kweli, tungeweza kurudia. Ila nilitaka kujua kama data za Jumatano zenyewe zina ushahidi wa kuonyesha kwamba zimechafuliwa, na kwa kiasi gani. Kwa sababu zipo sampuli ambazo hazirudi, na zipo siku nyingi za mvua ambazo hakuna aliyeandika habari ya sufuria. Aidha, namba ya Jumatatu nayo ilikuwa na mashaka yake. Kwa nini tuiamini ya jua kwa sababu tu imetupendeza?

Hapa ndipo nilipokutana na jambo ambalo limenibadilisha namna ya kufanya kazi. Ukigonga sufuria tupu, sauti inavuma kwa muda. Ukigonga gunia la mahindi, sauti inakatika palepale. Katika intaferogramu mambo ni hivyohivyo. Kilele kipana, kama vile vya mafuta, ni gunia: mtetemo wake unakufa karibu na katikati. Mstari mwembamba, kama ule wa mvuke, ni sufuria: unaendelea kuvuma hadi mbali kwenye mkia. Hesabu yake si ngumu. Chukua kilele cha mafuta chenye upana wa 20 kwa sentimita. Tofauti ya njia ikifika milimita moja, kilichobaki cha mtetemo wake ni kama sehemu 2 kwa 1,000. Chukua mstari wa gesi wenye upana wa 0.2, tofauti ya njia ikifika mwisho kabisa, robo ya sentimita, bado umebaki na asilimia 85 ya nguvu yake. Maana yake mikia ya intaferogramu, kuanzia milimita moja kwenda mwisho, haina habari za mafuta karibu hata kidogo. Ina habari za mvuke na kelele za kipokezi, yaani mtikisiko wa bahati nasibu katika usomaji wake.

Sasa, programu ya mashine huifanyaje mikia hiyo? Huipunguza. Kabla ya mgeuzo wa Fourier, intaferogramu huzidishwa kwa umbo linaloanza na moja katikati na kushuka taratibu kuelekea mwishoni, ili spektra isitoe viwimbi vya uongo pembeni mwa vilele. Bila kufanya hivyo, kiwimbi cha kwanza pembeni mwa mstari mwembamba kinaweza kushuka chini ya sifuri kwa zaidi ya moja ya tano ya urefu wa kilele chenyewe, na watu huona vibaya. Kwa hiyo tunapendezesha mchoro, na katika kuupendezesha tunanyamazisha sehemu ileile ya data ambayo ingeweza kutuambia mvuke ulikuwa kiasi gani. Shahidi alikuwepo, tukamfunga mdomo kwa sababu sauti yake inakwaruza.

Katika mbinu za Bayes hakuna hatua ya kupendezesha. Unaanza kwa kuandika ni kitu gani, kwa maarifa yako, kingeweza kuzaa data ulizonazo. Mimi niliandika kwamba nukta 4,000 ni jumla ya mambo manne: mlima wa mafuta, bega la asidi, mvuke wa maji wenye umbo linalojulikana lakini wenye kiasi kisichojulikana, na kelele. Kiasi cha mvuke nilikiacha kiwe chanya au hasi, kwa sababu hewa inaweza kukauka kati ya vipimo viwili kama inavyoweza kulowa. Kiasi cha asidi nilikizuia kisishuke chini ya sifuri, kwa kuwa mafuta yenye asidi hasi hayapo. Halafu unauliza: kwa kila thamani ya asidi, pamoja na kila thamani ya mvuke, data hizi zilikuwa na uwezekano gani wa kutokea? Unazidisha na ulichokijua kabla ya kupima, na unapata unachokijua baada ya kupima. Kasisi Thomas Bayes aliyeliandika wazo hilo alifariki mwaka 1761 bila kulitangaza. Rafiki yake Richard Price ndiye aliyelipeleka kuchapishwa mwaka 1763, na mwanahisabati Laplace akalifikia kwa njia yake mwenyewe mwaka 1774.

Mvuke wenyewe sina haja nao. Hakuna mteja anayeniuliza hewa ya chumba changu ilikuwa na maji kiasi gani. Katika hesabu hii mvuke ni kigezo cha kero, na namna ya kukishughulikia ni kujumlisha uwezekano wa asidi juu ya thamani zote ambazo mvuke ungeweza kuwa nazo, kila moja kwa uzito wake. Hilo ni tofauti kubwa na tulichozoea, ambapo fundi hukaa mbele ya skrini, huchukua spektra ya mvuke iliyohifadhiwa, huisogeza juu na chini mpaka mistari “itoweke”, kisha huiondoa katika spektra ya sampuli. Nimefanya hivyo mara nyingi. Jicho hukoma pale linaporidhika, na hakuna mahali popote katika ripoti panapoandikwa kwamba jicho lingine lingekoma kwingine. Ukijumlisha, mashaka ya mvuke yanahamia kwenye mashaka ya asidi, na hapo ndipo mahali pake.

Niseme pia kwa ufupi, kwa sababu wenzangu wa fizikia wataniuliza: hakuna uadui wowote kati ya Bayes na Fourier. Mwanafizikia Edwin Jaynes alionyesha mwaka 1987 kwamba ukiwa na wimbi moja tu ndani ya kelele za kawaida, jibu la Bayes kuhusu masafa ya wimbi hilo, yaani wingi wa mitetemo yake, linatoka moja kwa moja katika mraba wa mgeuzo wa Fourier, ule ambao mwanafizikia mwenzake Schuster alikuwa ameupendekeza tangu mwaka 1898. Mgeuzo wa Fourier, kwa hiyo, ni jibu sahihi la swali fulani: wimbi moja, lisilofifia, kelele zilizo sawa kila mahali. Shida inaanza tunapolitumia jibu hilo kwa swali jingine. Sisi tuna mlima, bega na mistari mingi ya gesi kwa pamoja. Tena, mashaka ya kweli kuhusu mahali pa kilele huwa madogo mno kuliko utenganisho wa mashine, iwapo kelele ni ndogo. Ile 4 kwa sentimita haimaanishi kwamba hatuwezi kujua chochote kilicho chini ya 4. Hili huwashangaza wanafunzi, na miaka michache iliyopita lilinishangaza mimi.

Kazi ya kompyuta haikuwa kubwa. Vitu vinavyoingia kwa kujumlishwa tu, yaani kiasi cha mlima, bega na mvuke, hujumlishwa kwa hesabu ya matrisi bila taabu. Upana wa vilele, ambao hauingii kirahisi hivyo, niliuachia matembezi ya bahati nasibu ya aina iliyotangazwa na Metropolis na wenzake mwaka 1953: programu inapendekeza upana mpya, inakubali au kukataa kwa kulinganisha uwezekano, inaendelea. Kompyuta yangu ya mkononi ilikesha nayo usiku mmoja, umeme ukikatika mara mbili, betri ikiokoa jahazi.

Majibu yalikuja hivi. Data za Jumatatu zilitoa asidi ya asilimia 4.6, na mashaka ya 0.5 kila upande. Data za Jumatano, zilezile zilizotoa 5.8 kwa njia ya kawaida, zilitoa 4.9 na mashaka ya 0.6. Kiasi cha mvuke cha Jumatano kilikuwa mbali kabisa na sifuri, kikiwa kimesomwa kwenye mikia ya intaferogramu. Cha Jumatatu nacho hakikuwa sifuri. Kilikuwa hasi kidogo, kwa maana hewa ilikauka wakati wa kupima, na ndiyo sababu 4.3 ilikuwa imevutwa chini. Siku ya jua nayo ilikuwa imedanganya, ila uongo wake ulikuwa mdogo na ulimfaa muuzaji, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Vipimo viwili sasa vinapatana. Ukiviunganisha kwa uzito unaostahili kila kimoja unapata 4.72 na mashaka ya 0.38, na uwezekano kwamba asidi inazidi asilimia 5 unakuwa kama asilimia 23. Nilifurahi, nikaandika namba hiyo, kisha nikaifuta. Vipimo vyote viwili vimetumia kanuni moja ya kugeuza ukubwa wa bega kuwa asilimia, kanuni niliyoitengeneza mimi kwa sampuli chache zilizopimwa kwa taitresheni. Ikiwa kanuni hiyo imepinda, imepinda kwa Jumatatu na Jumatano kwa pamoja, na kupima mara mia hakutainyoosha. Nilikadiria kosa hilo la pamoja kuwa 0.3. Mashaka yakapanda hadi 0.49 na uwezekano wa kuzidi kikomo ukawa asilimia 28.

Bado nilikuwa sijagusa jambo linalowafanya watu wengi waiogope kanuni ya Bayes, yaani kile unachokiamini kabla ya kupima. Nilimpigia simu mnunuzi ili nimweleze, naye akaniambia jambo ambalo amelisema kwa watu wengi: “Ndugu yangu, mafuta ya hawa wakamuaji wadogo mimi nayajua. Yana saba, ukizidisha yana nane. Mimi sihitaji mashine.” Nikasema, vizuri, tuihesabu imani yako. Tuseme kabla ya kupima mtu anaamini kwamba asidi ni 7 na ana mashaka ya 1 tu. Tuseme mwingine, asiyejua habari za mkamuaji huyu ila anayajua mawese kwa ujumla, anaweka 4 na mashaka mapana ya 2. Wote wawili nikawapa spektra zilezile. Wa pili anafika 4.68, na uwezekano wa kuzidi kikomo ni asilimia 25. Wa kwanza anafika 5.16, na uwezekano ni asilimia 64. Mafuta yaleyale, data zilezile, na mama yule angeshinda au angeshindwa kwa kutegemea mdomo wa nani umeanza kusema.

Wapo watakaosema huo ndio ubovu wa mbinu yenyewe. Nimelifikiria sana na sikubaliani nao. Imani ya mnunuzi ilikuwepo kabla ya hesabu yangu. Ndiyo iliyomfanya aichague karatasi ya 5.8 kati ya mbili bila kuuliza. Tofauti ni kwamba sasa imeandikwa, 7 na 1, na mtu anaweza kumuuliza ameitoa wapi hiyo 1, mafuta ya wakamuaji wangapi ameyapima hadi awe na uhakika kiasi hicho. Hakuwa amepima ya yeyote. Hata hivyo namba 25 na 64 zinaniambia mimi pia kitu kisichopendeza, kwamba vipimo vyangu vya infraredi ni dhaifu mno kuamua ugomvi huu. Data zenye nguvu zingewaleta wale wawili karibu. Hizi hazikuwaleta.

Kwa hiyo nilirudi kwenye taitresheni niliyokuwa nimeikimbia. Safari hii sikutumia jicho. Nilitumbukiza kipima pH, kifaa kinachosoma ukali wa asidi kwa namba, katika mchanganyiko na kuandika usomaji baada ya kila tone, kisha nikatafuta mahali mchoro unaporuka. Karotini haina uwezo wa kumdanganya kipima pH. Nilirudia mara kadhaa kwa mafuta yaliyoyeyushwa na kukorogwa vizuri, sufuria ikiwa chumba kingine. Jibu lilikuwa 4.7 na mashaka ya 0.2. Nikalipeleka kwa wale watu wawili wa kufikirika. Mwenye mashaka mapana sasa anasema uwezekano wa kuzidi asilimia 5 ni asilimia 5. Mwenye imani kali, aliyeanza na 7, anasema ni asilimia 11. Wamekaribiana vya kutosha hata wakaweza kufanya biashara.

Mama alirudi siku niliyomwahidi. Karatasi ya tatu ilikuwa na namba moja, 4.7, na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, mashaka ya 0.2 pamoja na sentensi inayosema kwamba karatasi ya Jumatano ilipimwa katika hewa yenye mvuke na isitumike. Aliisoma mara mbili, akaniuliza hiyo 0.2 ni ya nini. Nikamwambia ni kiasi ambacho mimi mwenyewe sina uhakika nacho.

“Na zile za mwanzo mbona hukuandika kwamba huna uhakika?”

Nikamwambia ukweli, kwamba tulikuwa hatuandiki. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye kibindo cha khanga, akaondoka nayo kwa mnunuzi. Sisi tumebandika ukutani kanuni mpya ya kuandika unyevu wa chumba kabla na baada ya kila kipimo, tumezuia programu isipunguze mikia ya intaferogramu kabla haijahifadhiwa, na sufuria ya maji moto sasa inakaa barazani, mvua inyeshe isinyeshe.